Wameosha majina ya askari wetu mpaka yamefutika!

Wakuu, leo sina salamu ndefu, nina hasira.

Kijijini ninakoishi, hapa Uingereza, malango ya kanisa ndiyo kumbukumbu ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Milango ya chuma, nguzo mbili za mawe, na kila nguzo ina bamba la marumaru lenye majina ya vijana waliotoka hapa wasirudi. Wiki hii kamati ya kanisa imeleta fundi na mashine ya maji ya presha. Jumapili nimekuta bamba la nguzo ya kushoto jeupe pe, na herufi zimebanduka. Jina moja limebaki nusu. Mengine mawili hayasomeki kabisa!

Herufi hizo ni za madini ya risasi, zilipigiliwa kwa nyundo kwenye vitundu vilivyotobolewa ndani ya jiwe. Presha inazing'oa, na marumaru yenyewe inachubuka. Bamba kama lile linataka maji matupu, brashi laini na subira, basi. Halafu yule fundi kaziba nyufa za nguzo kwa saruji badala ya chokaa. Saruji inafungia unyevu ndani, baridi ikikaza unaganda, na jiwe linapasuka.

Nilipouliza nikajibiwa, "Si limependeza?" Limempendeza nani?

Uingereza ilikataza miili ya askari wa vita ile kurudishwa nyumbani, na wengi hata miili yao haikupatikana. Lango la Menin kule Ypres, Ubelgiji, peke yake lina majina zaidi ya 54,000 ya wasiojulikana walikozikwa. Mama aliyefiwa na mwanawe hakuwa na kaburi la kuweka ua, alikuja kwenye lango la kijiji akagusa jina. Sasa jina hilo limekwenda na maji machafu mtaroni.

Kazi za namna hii kwenye viwanja vya Kanisa la Anglikana hapa zina utaratibu wa kibali cha dayosisi. Nimeomba kukiona mara mbili, naambiwa nisubiri. War Memorials Trust, shirika la hisani linalosaidia kutunza kumbukumbu za vita, wanatoa ushauri bure; simu moja tu ingetosha, na hakuna aliyepiga.

Mwenye picha ya zamani ya malango yoyote yenye herufi za aina hii, au aliyewahi kuzirudishia, aniambie alianzia wapi.

Fundi anarudi kesho saa mbili asubuhi kuosha nguzo ya kulia. Saa moja nitakuwa nimeshasimama mbele yake.