Gari nyeusi ikikaa juani inaonyesha mikwaruzo ya duara, rangi imekufa?

Mkazi wa Kimara: Wakuu habari zenu, nina gari nyeusi, kivulini inang'aa safi ila nikiipaki juani naona vimikwaruzo vyembamba kama utando wa buibui vimezunguka pale jua linapopiga, nikisogea navyo vinasogea! Fundi kaniambia ipigwe rangi upya gari zima, ni kweli au anataka hela?

fundi_boneti: Anataka hela. Hiyo iko kwenye klia tu, ile inayopigwa juu ya rangi, na klia ya kiwandani mara nyingi ni mikroni 40 hadi 50 hivi, unywele wako unaweza kuwa mnene kuliko hapo. Na wala mikwaruzo haijakaa duara mkuu, imelala kila upande, ila ile iliyokatiza njia ya mwanga ndo inakurudishia mwanga machoni, iliyobaki huioni, ndo maana duara linakufuata unakoenda.

Mama Junia: Sababu ni uoshaji jamani. Kitambaa kimetoka kufuta rimu zenye mchanga kinapanda boneti hivyohivyo, au kijana anafuta vumbi kavu asubuhi na dasta, hapo si anasugua gari na mchanga? Nyeupe nazo zinayo sana tu, zinaficha.

Mkazi wa Kimara: Duh, dasta kila asubuhi kweli! Sasa inatokaje?

fundi_boneti: Pitisha kucha taratibu, ikikwama ujue huo ni mkwaruzo wa ndani, hautoki kwa polishi ya kawaida. Isipokwama, mtu anayejua apige polishi kwa mashine, ila ujue inatoka kwa kupunguza klia yenyewe, kwa hiyo usiwe mtu wa kupiga kila mwezi, klia ikiisha hapo ndo utapiga rangi kweli. Waksi inajaza tu, ukiosha mara kadhaa mikwaruzo inarudi. Na malipo fanya baada ya kuicheki juani, kuna mashine zinaacha mawimbi ambayo ndani ya gereji huyaoni kabisa.

Mkazi wa Kimara: Na huyu kijana wa asubuhi nimwambieje?

Mama Junia: Amwagie maji kwanza vumbi lishuke, ndoo mbili, moja ya shampuu moja ya kusuuzia, kitambaa cha maikrofaiba, cha rimu kikae mbali. Asubuhi yenye haraka afute vioo tu, boneti aiache na vumbi lake.