Tupeane uzoefu: oili ya stelingi iliyokudondokea kwenye altaneta, uliokoaje?

Boneti Wazi (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Naanza mimi niliyeumia, halafu na nyie mfunguke.

Kwenye gari yangu pampu ya stelingi imekaa juu na altaneta (ile inayochaji betri) iko chini yake kabisa, kama mtu aliyetandika kitanda chini ya bati linalovuja. Kwa miezi kadhaa nilikuwa naongeza oili ya stelingi kidogo kidogo. Stelingi ikianza kulia nikikata kona, nafungua boneti, namimina, kelele inanyamaza, safari inaendelea. Sikujiuliza hata siku moja ile oili inaenda wapi. Chini ya gari hapakuwa na kidimbwi, nikajipa moyo kwamba ni jambo dogo.

Usiku mmoja taa za mbele zikaanza kufifia na kurudi. Taa ya betri kwenye dashibodi ikawaka kwa unyonge, ikazima, ikawaka tena. Asubuhi gari haina hata nguvu ya kuzungusha starta. Nikanunua betri. Siku tatu, betri mpya nayo chali. Nikanunua altaneta. Haikumaliza miezi miwili.

Fundi umeme alipoifungua hiyo ya pili akaniita nisogee. Ndani kulikuwa na tope jeusi linalong'aa, ukiligusa linateleza. Brashi moja ya kaboni ilikuwa imeganda kwenye nyumba yake, springi inasukuma na yenyewe haiendi. Akafuta kidole kwenye lile tope, akanusa, akasema, "Hii haijaharibika yenyewe. Imenyweshwa." Halafu akanyoosha kidole juu, kwenye mdomo wa pampu panapoingia mpira wa kutoka kwenye kopo la oili. Oringi ilikuwa imekauka hadi ikawa ngumu kama plastiki.

Betri moja na altaneta mbili, kisa ni kipete cha mpira kinachovalika kidoleni. Haya, nani mwingine?

Abiria wa Mbele

Pole mkuu. Yangu haikuvuja kokote, nilimwaga mwenyewe. Nilijaza oili injini ikiwa baridi hadi alama ya juu kabisa, ile ya HOT. Injini ilipopata moto oili ikatanuka, ikatokea kwenye kifuniko na kushuka hadi chini. Nilibadilisha paipu nzima kabla mtu hajanionyesha kwamba kuna alama mbili, ya baridi na ya moto. Nilicheka peke yangu.

Fundi Waya

Nimekula chumvi nyingi kwenye umeme wa magari, naomba nieleze kidogo kinachotokea humo ndani, maana wengi mnadhani oili "inapiga shoti". Oili ya stelingi yenyewe haipitishi umeme. Ingekuwa hivyo altaneta ingekufa siku ya tone la kwanza.

Altaneta inajipoza kwa upepo. Ina feni inayovuta hewa kupitia matundu ya mwilini, kwa hiyo tone lililoangukia mgongoni halibaki mgongoni, linafyonzwa. Humo ndani kuna brashi mbili za kaboni zinazosugua pete mbili za shaba kwenye rota, ile sehemu inayozunguka. Kaboni inalika polepole, na vumbi lake likiwa kavu upepo unalitoa nje. Likikutana na oili linakuwa uji mzito. Uji huo unaziba nyumba ya brashi, unapaka pete utando, brashi inagusa nusunusu. Ndiyo maana taa ya betri ya mleta mada ilikuwa inawaka na kuzima: mgusano ulikuwa unapatikana na kupotea. Na uji wa kaboni, tofauti na oili tupu, unaweza kupitisha umeme pasipotakiwa.

Pili ni joto. Uchafu ukiziba matundu, dayodi (zinazogeuza umeme uwe wa kuchaji betri) na katauti (inayodhibiti chaji) hazipozwi, nazo hazipendi joto. Tatu ni beringi: oili nyepesi ikipenya kwenye sili yake inaichuja grisi, na hapo ndipo unasikia mluzi unaopanda kadiri unavyokanyaga mafuta. Nne ni mkanda. Mpira uliolowa oili unalegea, unateleza kwenye puli, na altaneta nzima kabisa inaonekana mbovu kwa sababu haizungushwi ipasavyo.

Kabla hujanunua chochote, chukua mita. Gari iliyolala usiku mzima, betri nzuri inasoma karibu volti 12.6. Washa injini, kwa magari mengi inapaswa kusimama kati ya 13.8 na 14.5. Kisha washa taa kubwa na feni ya ndani. Ikishuka chini ya 13 na haipandi hata ukikanyaga mafuta kidogo, kuna jambo kwenye altaneta, mkanda au nyaya zake. Baadhi ya gari za kisasa kompyuta ndiyo inayopanga volti, kwa hiyo usishtuke namba ikipanda na kushuka zenyewe.

Spana 14

@Fundi Waya umenikumbusha yangu. Mimi niliiokoa bila hata kuifungua. Nilitoa waya wa hasi kwenye betri kwanza, nikatoa mkanda, nikapulizia dawa ya kusafishia vifaa vya umeme kupitia matundu huku nazungusha puli kwa mkono. Kilichotoka ni maji meusi kama ya kuoshea sufuria la moshi. Nikarudia mpaka yakatoka meupe. Nikaiacha nusu siku ikauke, nikafunga mkanda mpya. Kutoka volti 12.9 ikarudi 14.2. Huu mwaka wa pili.

Rafiki yangu alitaka nitumie dawa ya kusafishia breki kwa kuwa ndiyo tuliyokuwa nayo. Nilikataa.

Fundi Waya

Ulifanya vizuri kukataa. Zipo zinazokula plastiki, na vanishi ya waya za ndani haizipendi. Nyingi zinawaka moto pia, kwa hiyo mtu asipulizie dawa yoyote humo injini ikiwa inaunguruma, brashi zinatoa cheche. Na maji ya presha, wakuu, acheni. Nimepokea altaneta nyingi zaidi zilizouawa na watu wa kuosha injini kuliko zilizouawa na oili.

Ila niseme ukweli: kupulizia kunasaidia mapema. Brashi ikishaganda au pete zikishachimbika, hakuna namna, inafunguliwa. Na usipoziba tone la juu umejiandalia kazi ya kurudia.

Mama Pacha

Hapo kwenye tone la juu ndipo nilipokosea. Niliambiwa sili ya pampu imechoka, nikaona kuibadilisha ni usumbufu, nikajifanya mjanja. Nikachukua mfuko mgumu wa plastiki, nikaivika altaneta kofia, nikafunga na waya. Oili inateremka kwenye mfuko, altaneta iko kavu, moyo wangu mweupe.

Wiki ya pili nikiwa kwenye foleni ya jua kali, kiyoyozi kimewashwa, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nikajua ni gari ya mbele. Nikafunga vioo. Harufu ikazidi. Kufungua boneti, mfuko umenyauka na kushikana na mwili wa altaneta kama ngozi, matundu yote ya nyuma yamezibwa. Ilikuwa bado inachaji, lakini jioni ile ile ikazima. Fundi akasema ni dayodi, zimechemka. Oili haikuigusa hata kidogo, niliiua mimi kwa kuilinda.

Boneti Wazi (mleta mada)

😂😂 Pole dada. Nisamehe nimecheka, nilikuwa nimeshatafuta mfuko.

Mama Pacha

Cheka tu. Baadaye nilibadilisha ile sili, lakini pia nilikata kipande cha bati jembamba la alumini, nikakikunja kama paa la upande mmoja, nikakifunga kwenye bolti ya kishikio cha pampu. Kiko vidole viwili juu ya altaneta, matundu yako wazi, na tone likija linatelezea pembeni.

Fundi Waya

Hicho nakikubali, kwa masharti. Kisiguse mkanda wala puli hata gari ikirushwa na shimo. Na kisikaribie ile nati ya nyuma yenye waya mnene. Waya huo umetoka moja kwa moja kwenye betri, una umeme hata funguo ukiwa mfukoni. Bati likiugusa na kugusa mwili wa gari kwa wakati mmoja, utaona radi chini ya boneti. Ndiyo sababu waya wa hasi unatolewa kwanza kabla ya kushika spana.

Kona Kali

Mimi naomba kutofautiana kidogo. Yangu inavujisha mwaka wa pili na altaneta inachaji vizuri tu. Mnatisha watu.

Dereva wa Usiku

@Kona Kali inategemea tone linaangukia wapi. Kama linapiga kishikio na kuteleza chini, una bahati. Kama linaangukia kwenye matundu, hesabu siku. Na kama linaenda upande wa bomba la moshi, altaneta ndiyo shida yako ndogo. Oili hiyo inawaka.

Sasa yangu. Ilinisumbua kwa sababu kila nikiangalia nilikuta pamekauka. Nimeangalia injini imezimwa, imewashwa, asubuhi, jioni, pakavu. Lakini kopo linapungua na altaneta ina unyevu mwekundu mgongoni. Nikabadilisha klipu ya mpira wa kurudisha, bila faida.

Siku moja nikasafisha kila kitu, nikapangusa mpaka pakang'aa, nikapaka poda ya mtoto kwenye paipu na maungio yote. Nikamwomba mke wangu akae kwenye usukani, injini inanguruma, azungushe kushoto mpaka mwisho halafu kulia mpaka mwisho. Dakika ya kwanza hakuna kitu. Alipofika mwisho wa kulia, pale paipu ya presha inapobanwa na chuma, poda ikabadilika rangi. Nukta nyekundu kama ya kuumwa na mbu. Aliporudisha usukani katikati, ikakoma. Nukta hiyo ilikuwa inapulizwa na upepo wa feni hadi kwenye altaneta, karibu urefu wa kiganja kutoka hapo. Ningebaki kuangalia gari imesimama, nisingeiona mpaka leo.

Mambo mawili kwa atakayejaribu. Usimwache msaidizi ang'ang'anie usukani mwisho kabisa zaidi ya sekunde tano, pampu inateseka. Na usipapase paipu kwa kidole kutafuta uvujaji. Presha ya humo inapita psi 1,000, tundu dogo linaweza kukuchoma oili ndani ya ngozi, na hilo ni la kukimbilia hospitali hata kama kidonda hakionekani. Mimi nilitumia kipande cha boksi.

Spana 14

Na ukibadilisha hiyo paipu, zile washa za shaba kwenye bolti yake weka mpya. Nilirudishia za zamani kwa ubahili, nikavuja upya siku hiyo hiyo.

Abiria wa Mbele

Vipi kuhusu zile dawa za kuziba uvujaji, unamimina kwenye kopo na mambo yanaisha?

Fundi Waya

Zinalainisha na kuvimbisha mpira wa sili. Sili iliyokauka kidogo inaweza kutulia kwa muda. Paipu iliyopasuka au oringi iliyokatika haitasikia kitu. Mimi nazihesabu kama kumeza panadoli ukiwa na jino bovu. La muhimu zaidi ni oili yenyewe: soma kifuniko cha kopo au kitabu cha gari. Nyingi zinatumia ATF nyekundu (oili ya giaboksi ya otomatiki), kuna zinazotaka ya kijani kama CHF (oili maalum ya haidroliki), na kuna watengenezaji wenye yao. Ukiweka isiyo yake unaweza kuziharibu sili zote kwa mkupuo, halafu mje hapa mlie altaneta.

@Kona Kali, badilisha mkanda angalau. Kama umelowa mwaka wa pili, mimi nisingeenda nao safari ndefu.

Kona Kali

Nimeenda kuutazama baada ya kusoma hapa. Kando moja umevimba na nyuzi zinatoka. Sisemi kitu.

Boneti Wazi (mleta mada)

Wakuu, mrejesho. Altaneta ya tatu imefungwa, oringi mpya, mkanda mpya, na kibati cha Mama Pacha nimekiiga nilivyoelekezwa. Wakati wa kujaza oili nilitumia faneli ndefu na kufunika altaneta kwa kitambaa, na kitambaa nilikiondoa kabla ya kuwasha (nimekagua mara mbili, niliogopa yaliyompata dada). Mita inasoma 14.3, taa zikiwaka 14.0.

Halafu nikabandika karatasi nyeupe juu ya kibati, nione kama kuna tone. Kila jioni naifungulia boneti kama mtu anayekagua mtego. Siku tisa ilikuwa kavu. Leo nimekuta doa.

Si jekundu, ni la kahawia iliyokolea, na linanuka oili ya injini. Juu yake kuna gasketi ya kifuniko cha valvu.

@Dereva wa Usiku, ile poda ya mtoto, ulitumia yoyote tu?