Bamba la kwatsi limepasuka, muuzaji ananitumia ripoti ya maabara yenye neno "IMEFAULU". Wakuu, hii ni dharau

Wakuu, habari za muda huu. Uzi ni mrefu, asiyependa kusoma apite kimya kimya. Wasimamizi, naomba msiuunganishe na zile nyuzi za "granaiti au kwatsi, ipi nzuri?" Sikuja kuuliza ipi nzuri. Nimekuja na hasira.

Kisa chenyewe ni hiki. Kaunta ya jikoni, bamba la kwatsi (quartz) la kiwandani, unene milimita 20. Mwezi wa saba tangu lifungwe, asubuhi moja naona mstari mwembamba kama unywele, umeanzia kona ya tundu la sinki unakuja hadi ukingo wa mbele. Nikadhani uchafu. Nikapitisha ukucha, ukucha ukakwama. Wiki mbili baadaye ufa umefunguka, maji yakimwagika juu yanadondokea kabatini.

Nikampigia muuzaji. Hakuuliza ufa umeanzia wapi, hakuomba picha, hakutuma mtu. Alituma faili. Ripoti ya maabara, kurasa mbili, muhuri mkubwa, na neno IMEFAULU limerudiwa mara sita. Chini yake kaandika: "Kama unavyoona ndugu mteja, bidhaa yetu imepimwa maabara, haiwezi kupasuka yenyewe." Yaani jiwe limepasuka mbele ya macho yangu, lakini karatasi inasema halipasuki, kwa hiyo mwongo ni mimi.

Kosa lake ni kumtumia karatasi hiyo mtu mwenye hasira na asiye na usingizi. Nimeisoma yote. Nimesoma na viwango vilivyotajwa humo. Na sasa nataka tuongee.

Kwanza, imefaulu mtihani gani? Nguvu ya kupinda wameipima kwa ASTM C880, unyonyaji wa maji kwa ASTM C97 (ASTM ni viwango vya Marekani). Hizo ni NJIA za kupima tu. Zinaeleza kipande kikatwe vipi, kikaushwe vipi, mzigo ushuke wapi, hesabu ifanywe vipi. Hazina alama ya kufaulu wala kufeli, kama vile rula isivyokwambia mtoto wako ana urefu wa kutosha. Alama ya kufaulu lazima itoke kwingine. Nikatafuta wameitoa wapi, nikaikuta kwa maandishi madogo: ASTM C615. Wakuu, C615 ni kiwango cha GRANAITI. Jiwe la kuchimbwa. Kinataka nguvu ya kupinda isiyopungua megapaskali 8.27 (megapaskali ni kipimo cha nguvu kwa eneo) na unyonyaji wa maji usiozidi asilimia 0.40.

Bamba la kwatsi la kiwandani ni kitu kingine kabisa. Ni punje na unga wa kwatsi, takriban asilimia 90 kwa uzito, vimegandishwa kwa resini ya poliesta (gundi ya plastiki) na rangi. Ripoti yao inasema megapaskali 50 na ushee, na hiyo ni kawaida kwa bidhaa hizi. Kuipima kwa alama ya granaiti ni kumpa mtu mzima mtihani wa darasa la kwanza kisha kumtundikia cheti ukutani. Hata bamba bovu la kwatsi lingeivuka 8.27 bila kutoa jasho! Ulaya wana mfululizo wao kwa ajili ya mawe haya ya kiwandani, EN 14617, wenye sehemu ya kupinda, ya kulika kwa msuguano, ya mshtuko wa joto, ya pigo la kugongwa, ya kemikali, ya kutanuka kwa joto. Upo. Haukutumika.

Halafu sampuli. Ukurasa wa kwanza, mstari ambao naamini muuzaji hajawahi kuusoma: "Matokeo yanahusu sampuli kama ilivyopokelewa kutoka kwa mteja." Maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025 (kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara) inatakiwa kuandika hivyo pale ambapo haikuchukua sampuli yenyewe, na hapo maabara naiheshimu, imesema ukweli. Maana yake ni kwamba mwenye kiwanda amechagua kipande anachokipenda, amekipeleka, kimepimwa. Rangi iliyoandikwa pale si rangi yangu. Tarehe ni ya miaka minne kabla bamba langu halijatengenezwa. Unene ni milimita 30, langu 20. Ndugu zangu, hiyo ni ripoti ya jiwe la mtu mwingine.

Msije mkaniambia unene si hoja kwa sababu megapaskali ni zile zile. Najua ni zile zile, ndiyo maana wanapenda kuzitaja. Lakini mzigo ambao bamba linaubeba kabla ya kuvunjika unafuata unene mara unene. 30 kwa 30 ni 900, 20 kwa 20 ni 400. Gawanya: 2.25. Kwa upana ule ule na nafasi ile ile kati ya nguzo, bamba la 30 linabeba zaidi ya mara mbili ya langu, na wote wawili tunaandikiwa namba moja kwenye karatasi. Namba ni ya kweli na bado inakudanganya.

Kuna jambo jingine limenichekesha usiku wa manane. Chini ya kurasa nilizotumiwa imeandikwa "1 kati ya 5" na "4 kati ya 5". Ya 2, ya 3 na ya 5 ziko wapi? Na papo hapo pameandikwa ripoti isinakiliwe isipokuwa nzima, bila idhini ya maabara. Nimeziomba kurasa hizo mara tatu. Jibu la mwisho lilikuwa: "Hizo ni za kitaalamu zaidi."

Za kitaalamu zaidi! Ndizo ninazozitaka mimi. Huko ndiko kunakokaa matokeo ya kipande kimoja kimoja. Nilichopewa ni wastani peke yake, bila idadi ya vipande, bila mkengeuko (yaani matokeo yalipishana kiasi gani), bila kusema kilichovunjika mapema kuliko vyote kilivunjikia wapi. Na kwa mawe ya namna hii wastani ndio unaokuambia kidogo kuliko vyote. Haya mabamba hutengenezwa kwa kumwaga mchanganyiko kwenye ukungu, kuubana huku unatikiswa, hewa ikinyonywa kwa mashine, kisha kuuoka resini ikomae. Teknolojia ni ya Waitaliano, kampuni ya Breton, na ikifanywa vizuri inatoa kitu kizuri kweli, sibishi. Lakini hewa ikibaki ndani, au resini ikajikusanya upande mmoja na punje upande mwingine, au tanuri likaharakishwa, panabaki sehemu dhaifu ambayo jicho halioni. Jiwe halivunjiki kwa wastani wake. Linavunjikia pale palipo dhaifu kuliko pote. Bamba kubwa lina nafasi nyingi zaidi za kuficha sehemu kama hiyo kuliko kipande cha maabara chenye upana wa kiganja. Msweden mmoja, Waloddi Weibull, alishaliweka hili kwenye hesabu tangu miaka ya 1930, wahandisi humu watanithibitishia. Kwa hiyo ukinipa wastani bila kunipa kipande kilichokuwa dhaifu zaidi, hujanipa kitu.

Nguvu ya mgandamizo sitaki hata kuizungumzia sana. Ndiyo namba iliyoandikwa kwa herufi nene kuliko zote kwenye kipeperushi chao, kwa sababu ndiyo kubwa kuliko zote. Nani anakamua kaunta yake kwenye jeki? Mawe yote hustahimili kubanwa na hushindwa kuvutwa. Ukiegemea ukingo wa mbele wa sinki, bamba linapinda kidogo, upande mmoja unabanwa na wa pili unavutwa, na ule unaovutwa ndio unaofunguka.

Na Mohs. Ooh, Mohs. "Ugumu 7 katika kipimo cha Mohs, haivunjiki." Kipimo cha Friedrich Mohs, cha mwaka 1812, kinauliza swali moja tu: nani anamkwaruza nani. Hakisemi lolote kuhusu kuvunjika. Almasi ni 10 na nyundo inaipasua. Tena hiyo 7 ni ya punje ya kwatsi yenyewe. Kati ya punje na punje kuna resini, na resini haina 7 wala haiisogelei. Asilimia 10 kwa uzito inasikika kidogo, lakini resini ni nyepesi, uzito wake hata nusu ya kwatsi haufiki, kwa hiyo kwa ujazo inakaribia sehemu moja ya tano ya bamba zima. Sehemu moja ya tano ya kaunta yako ni plastiki, wakuu.

Hapo ndipo linapoingia suala la joto. Muuzaji alinihakikishia kwa mdomo kwamba kwatsi inavumilia nyuzi joto zaidi ya 500. Punje, ndiyo. Resini inaanza kulainika na kubadilika rangi mapema mno kabla ya kufika huko. Na kipimo cha mshtuko wa joto cha maabara kinapasha kipande chote kwa pamoja, kisha kinakipoza chote kwa pamoja, mizunguko na mizunguko. Sufuria iliyotoka jikoni haifanyi hivyo. Inapasha duara moja juu, pembeni pakiwa baridi, chini pakiwa baridi, duara linataka kutanuka na majirani zake wanalibana. Sijaweka sufuria ya moto pale mimi, naapa. Ila nawaambia nyinyi mnaoweka kwa sababu mlionyeshwa ripoti.

Sasa nifike kwenye kona, maana najua kuna mtu vidole vinamwasha aandike "kosa ni la fundi". Huenda! Sikatai hata kidogo. Tundu la sinki lilikatwa na kona za pembe kali kabisa, hazikuzungushwa. Mkata mawe yeyote anayejua kazi anazungusha kona za ndani, kwa sababu pembe kali inakusanya nguvu zote mahali pamoja na ufa unapata mlango. Lakini fundi huyo alitumwa na muuzaji huyo huyo. Na hakuna kipimo hata kimoja katika ile ripoti kilichofanywa kwenye bamba lenye tundu. Vyote ni vipande vizima, vilivyonyooka, vilivyoegemezwa vizuri. Ile karatasi haiwezi kunijibu kama kosa ni la jiwe au la kona. Basi kwa nini natupiwa usoni kana kwamba ni hukumu ya mahakama?

Nikiwa bado kwa fundi, hili lingine limeniuma zaidi baada ya kusoma. Alikata tundu lile nyumbani mwangu, kavu, bila maji, kitambaa kimefungwa puani. Vumbi jeupe likatanda mpaka sebuleni. Vumbi hilo ni silika laini (ndiyo madini ya kwatsi yenyewe), linaharibu mapafu, ugonjwa unaitwa silikosisi na hautibiki. Australia wamefika mahali pa kupiga marufuku kabisa mabamba haya, kuanzia tarehe 1 Julai 2024, kwa sababu ya wakataji kuugua. Kijana yule alikuwa na umri wa mdogo wangu wa mwisho. Kwenye kipeperushi pameandikwa "salama, imethibitishwa maabara". Salama kwa nani?

Ninachokitaka kutoka kwa muuzaji nimeshamwandikia: kurasa zote tano, ripoti ya toleo la bamba langu lenye rangi na unene wangu, na mtu aje aangalie ufa kwa macho. Kimya. Siku ya tisa leo.

NYONGEZA: Mkuu uliyeuliza kwa nini sipeleki jiwe langu nikalipime mwenyewe, hilo ndilo swali la maana kuliko yote humu. Kipande kilichotolewa kwenye tundu la sinki ninacho. Fundi alitaka kwenda nacho, nikamwambia akiache, nilidhani nitakifanya ubao wa kukatia. Kinatoka kwenye bamba lile lile, unene ule ule, mwoko ule ule, hakuna sampuli ya haki zaidi ya hiyo duniani. Nimepata maabara ambayo kipimo cha kupinda kimo kwenye orodha ya ithibati yake (ulizeni orodha jamani, ithibati inatolewa kwa kipimo kimoja kimoja, maabara inaweza kuwa na ithibati ya saruji na isiwe nayo ya mawe). Wamesema ukubwa unatosha kutoa vipande vitano, watakata wao wenyewe kwa msumeno wa maji, na watanipa matokeo ya kila kimoja pamoja na wastani.

NYONGEZA 2: Aliyesema naichafua biashara ya watu, sijataja jina la mtu wala la maabara. Tulia.

NYONGEZA 3: Muuzaji kapiga simu jioni hii, sijui nani kamwonyesha uzi. Sauti imekuwa laini ghafla. Hajazungumzia kurasa zinazokosekana. Ameomba nimkabidhi kile kipande cha sinki, gari litapita kesho saa mbili asubuhi, "tukakipime kwenye maabara yetu tunayoiamini". Nimemwambia gari lisijisumbue. Kipande nimekiweka chini ya kitanda na mlango nimeufunga.