Hukumu ya talaka ninayo mkononi, mwenzangu amegoma kutekeleza. Tupeane uzoefu

MamaKulwa wa Igoma
Habari zenu ndugu zangu. Leo alfajiri nilishuka Mwaloni Kirumba kuchukua dagaa wa biashara, nikakuta mtumbwi tuliochuma na mume wangu wa zamani umepakwa rangi mpya ya bluu na kuandikwa jina jipya ubavuni. Miguu ikaniishia nguvu. Rangi haikuficha kile kiraka cha bati upande wa mbele, nilichokilipia mimi mwaka ambao Kulwa na Doto walikuwa bado wananyonya. Nyuma imefungwa injini, mashine ya nguvu farasi 15, ile ile ambayo hakimu alisoma mbele yetu sote kwamba ni yangu.

Hukumu ya mahakama ya mwanzo ninayo: talaka, mtumbwi na mashine yake, asilimia 40 ya nyumba, na matunzo ya watoto shilingi 100,000 kila mwezi. Huu ni mwezi wa kumi na nne sijaona hata mia. Nilidhani hukumu ikishasomwa mambo yanakwenda yenyewe. Aliyepita njia hii aniambie alianzia wapi.

Nyanda_Magu
Pole sana dada. Hukumu bila kukazia ni karatasi. Rudi mahakama ile ile iliyotoa, uandike maombi ya kukazia hukumu, yaani kuomba itekelezwe, uambatanishe nakala ya hukumu iliyogongwa muhuri. Mwenzako ataitwa aeleze kwa nini hajatekeleza. Akishindwa kueleza, anateuliwa dalali wa mahakama akamate mali.

Mzee wa Sengerema
Mimi ningekwenda kwanza kwa wazee wa ukoo wake. Mahakama inamaliza hela na inamaliza undugu. Watoto bado ni wa ukoo ule.

MamaKulwa wa Igoma
Shikamoo mzee. Wazee nimewafuata mara tatu. Mara ya mwisho waliniambia nisubiri mwezi uwe giza apate dagaa wengi. Umekuwa giza mara ngapi tangu siku hiyo.

Binti Nansio
Umenitonesha kidonda mama Kulwa. Naomba niandike, maana sijawahi kuandika.

Nyumba yetu ilikuwa Buhongwa, vyumba vitatu. Mahakama iliamuru ithaminiwe, iuzwe, tugawane nusu kwa nusu. Mthamini alipangiwa kuja Jumatano. Mimi na watoto tulikuwa bado tunaishi mle ndani kwa amri hiyo hiyo ya mahakama. Jumapili jioni nikasikia gari linarudi nyuma hadi mlangoni. Fuso. Akashuka baba watoto na vijana watano na ngazi. Hakunisalimia. Wakapanda juu wakaanza kung'oa bati.

Ninyi mnaijua sauti ya msumari unaong'olewa kwenye mbao kavu? Ulikuwa unalia kama mtu. Majirani walidhani tunakarabati. Mwanangu wa miaka sita akaniuliza, "Mama, baba anatutengenezea?" Nikamwambia ndiyo, anatutengenezea. Nilikosa neno lingine. Wakamaliza bati wakashuka kwenye milango. Ule wa chumba cha watoto ulikuwa na alama za kalamu, tulikuwa tunawapima urefu kila Krismasi. Waliulaza kwenye Fuso juu ya bati.

Saa nne usiku mvua ya ziwani ikaja. Mnaijua ile ya ghafla, upepo kwanza. Niliwaweka watoto watatu chini ya meza nikaifunika turubai la kuanikia dagaa, nikakaa nje ya meza nimeshika ncha za turubai mpaka kukapambazuka. Kila nikiinua uso naona mbingu, mahali palipokuwa na dari.

Sato_Mbichi
Mungu wangu. Ikawaje?

Mama wa Pasiansi
Ikawaje dada? Mthamini alikuja?

Ngosha wa Nyakato
Pole, lakini tuseme ukweli. Bati alinunua nani? Mwanaume anahangaika ziwani usiku kucha, mwanamke yuko nyumbani anapika, siku ya talaka anataka nusu. Hapo ndipo hasira zinapotoka.

Mama wa Pasiansi
Ngosha, futa maneno hayo. Hilo lilishaamuliwa zamani. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilisema kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Kupika, kulea, kufua, vyote vinahesabika. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 ndicho kinachoipa mahakama nguvu ya kugawa.

Ngosha wa Nyakato
Huyo Bi Hawa mwenyewe alipata nini? Kasome vizuri.

Mama wa Pasiansi
Nimesoma. Hakupata kitu kwa sababu zake binafsi, lakini msingi alioacha ndio unaotulinda wote. Na mtu kushinda ziwani hakumpi ruhusa ya kuwalaza watoto wake kwenye mvua.

Mzee wa Sengerema
Jamani, msigombane kwenye msiba wa mtu.

Baba Two
Mimi ni mwanaume na niko upande wa sheria. Hukumu yangu inasema watoto wakae na mama, likizo waje kwangu. Likizo tatu zimepita. Nikienda Geita nakuta nyumba imefungwa, simu imezimwa. Mara ya mwisho nilibeba viatu vya shule, namba 32. Vimebaki kwa jirani yake, na sijui kama bado vinamtosha mtoto.

Sato_Mbichi
Wachukue shuleni mkuu. Baba ni baba.

Nyanda_Magu
Usithubutu! Ukiwachukua kwa nguvu, mvunja amri unakuwa wewe. Andika tarehe zote ulizokwenda, mtafute balozi wa nyumba kumi au jirani aliyekuona, rudi mahakamani na uombe afisa ustawi wa jamii ahusishwe kwenye makabidhiano.

Baba Two
Jirani mwenye viatu yupo tayari kusema. Asante.

Ukhty_Mabatini
Mimi nilipewa talaka ya maandishi, nikaenda BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu, baraza lao la usuluhishi likashindwa kutupatanisha. Nilidhani yameisha. Nilipodai nyumba nikaambiwa ile barua ya baraza ni tiketi ya kuingilia mahakamani, mahakama ndiyo inatoa hukumu ya talaka na kugawa mali. Miaka miwili niliipoteza hapo. Mwenye talaka ya karatasi tu asikae.

Binti Nansio
Samahani, nilikuwa nimeinuka kidogo. Naendelea.

Kulipokucha sikulia. Nilipiga picha kila ukuta, nikahesabu: bati 48, milango minne, fremu mbili za madirisha. Mwenyekiti wa mtaa alisema hayo ni mambo ya ndoa. Nikamwambia ndoa imeshavunjwa, hii ni mali iliyo chini ya amri ya mahakama, andika tu ulichokiona. Akaandika, akagonga muhuri. Saa tatu nilikuwa mahakamani nimevaa kanga iliyolowa. Hakimu alipoona zile picha alinyamaza muda mrefu. Yule bwana akaitwa. Thamani ya alivyong'oa ikatolewa kwenye nusu yake, siyo kwenye yangu. Nyumba iliuzwa bila bati, kwa bei ya chini, lakini sehemu yangu nilipata. Nina vyumba viwili Kishiri sasa. Mlango wenye alama za kalamu sikuupata.

Mama wa Pasiansi
Nimelia ofisini.

Sato_Mbichi
Na mimi. Naomba nifute ushauri wangu wa juu.

Ngosha wa Nyakato
Dada Nansio, kwa hilo la watoto na mvua nakuomba radhi. La mgawanyo nabaki na mawazo yangu.

Binti Nansio
Nimepokea kaka.

Fundi Mashine Igombe
Tumemsahau mama Kulwa. Mama, sikiliza, mimi nafungua hizi mashine kila siku. Je, hukumu yako imeandika namba ya mashine? Kama imeandika "injini ya boti" tu, dalali akifika mwaloni ataoneshwa mashine nyingine mbovu aichukue. Nimeshuhudia. Ganda la juu linabadilishwa kwa dakika kumi, rangi ndiyo usiseme. Namba iko kwenye kibati kidogo pale mashine inapofungwa kwenye mtumbwi.

Nyanda_Magu
Ushauri mzuri sana huu. Na BMU, ile kamati ya wavuvi inayosimamia mwalo, ina orodha ya vyombo. Mwone pia afisa uvuvi, chombo kina leseni na jina la mwenye chombo. Jina la ubavuni linapakwa upya, la kwenye leseni lina kumbukumbu zake.

MamaKulwa wa Igoma
Hukumu inasema "mtumbwi mmoja na injini yake". Basi. Ameniambia pia amekata rufaa, kwa hiyo nisiguse kitu.

Mama wa Pasiansi
Rufaa ya ndoa ni ndani ya siku 45 tangu hukumu. Wewe una mwezi wa kumi na nne. Na hata kama kweli amekata, rufaa peke yake haizuii utekelezaji, lazima awe na amri ya kusimamisha. Mwambie akuoneshe hiyo amri. Na matunzo ya watoto yadai yote ya nyuma, mwezi kwa mwezi, kwenye maombi hayo hayo.

Mzee wa Sengerema
Mwanangu, nimesoma yote haya tangu mwanzo. Wale wazee wa ukoo waache. Nenda mahakamani. Ila nenda wakati wa mbalamwezi, vyombo vya dagaa vikiwa vimepanda nchi kavu. Ukipeleka dalali mwezi ukiwa giza, mtakuta mwalo mtupu, yeye yuko visiwani huko.

Fundi Mashine Igombe
Mzee amesema kweli kabisa.

MamaKulwa wa Igoma
Ndugu zangu, nimetoka kupekua sanduku. Risiti ya mashine ipo, ilikuwa imekunjwa ndani ya kadi ya kliniki ya Doto. Imefifia, ila nikiielekeza dirishani namba inasomeka yote isipokuwa moja ya mwisho. Sijui ni 3 au ni 8.

Fundi Mashine Igombe
Kesho saa kumi na moja asubuhi nitakuwa Kirumba kuchukua vipuri. Ni mtumbwi wa bluu, kiraka cha bati mbele? Nitakisoma hicho kibati nikupigie picha. Usije wewe, asije akakuona akaihamisha.