Naomba ushauri: Red Sox wazibe vipi mapengo ya walinzi wa ndani kabla ya msimu wa 2026?

Shabiki wa Fenway (mwanzisha uzi), Novemba 2025

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Naomba ushauri wa wale wanaofuatilia besiboli ya Marekani kwa karibu, hasa klabu ya Boston Red Sox, kwa sababu kila nikijaribu kupanga walinzi wanne wa ndani wa msimu ujao napata nafasi moja tu ambayo mwenyewe anajulikana bila shaka. Nafasi hiyo ni ya shotistopu, yule mlinzi anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu, ambako Trevor Story ameamua kubaki badala ya kutumia haki yake ya kuvunja mkataba. Besi ya kwanza, ya pili na ya tatu zote zina maswali.

Besi ya tatu ndiyo inayozungumzwa zaidi. Alex Bregman alisaini Februari mkataba wa miaka mitatu wenye thamani ya dola milioni 120, ukiwa na kipengele kinachomruhusu kujiondoa msimu ukiisha, na mwezi huu amekitumia. Kabla yake, besi hiyo ilikuwa ya Rafael Devers kwa miaka mingi. Alipompisha Bregman na kubaki mpigaji tu, kisha akakataa ombi la kuhamia besi ya kwanza, uhusiano wake na uongozi uliharibika, na katikati ya Juni akapelekwa San Francisco Giants. Ina maana kwamba ndani ya mwaka mmoja tumewaachia wote wawili mlango wazi.

Besi ya kwanza ilianza kuwa tatizo tarehe 2 Mei, Triston Casas alipochanika kano ya goti akikimbilia besi katika uwanja wetu wa nyumbani, Fenway. Tangu siku hiyo tuliwatumia Romy Gonzalez na Abraham Toro, na mwezi Agosti tukamsajili Nathaniel Lowe baada ya Washington kumwacha. Besi ya pili ilikabidhiwa Kristian Campbell, chipukizi aliyepewa mkataba wa miaka minane wa dola milioni 60 akiwa na siku chache tu katika ligi kuu. Aprili yake ilikuwa nzuri mno, lakini Juni alirudishwa ligi ndogo.

Mimi binafsi naelekea kusema kwamba Bregman arudishwe kwa gharama yoyote ya busara, ila nina hofu na umri wake, kwani Machi atatimiza miaka 32 na safari hii hatakubali mkataba mfupi. Je, niko sahihi kuanzia besi ya tatu, au pengo kubwa liko kwingine? Na kama si Bregman, ni nani?

Mkazi wa Worcester

Ndugu mwanzisha uzi, nakuunga mkono kuhusu Bregman, na naomba niongeze sababu mbili ambazo hujazitaja.

Ya kwanza inahusu kanuni za usajili. Mchezaji huru aliyekataa ofa rasmi ya mwaka mmoja kutoka klabu yake, ambayo mwaka huu ni dola milioni 22.025, humgharimu yule anayemsajili nafasi za kuchagua chipukizi. Lakini mchezaji hupewa ofa hiyo mara moja tu katika maisha yake ya besiboli, na Bregman aliipata akiwa Houston mwaka 2024. Pete Alonso, mlinzi wa besi ya kwanza, naye aliipata mwaka huohuo kutoka New York Mets. Eugenio Suárez, mlinzi wa besi ya tatu, hakustahili kupewa kwa sababu alihamishwa katikati ya msimu kutoka Arizona kwenda Seattle. Wote watatu, kwa hiyo, wanapatikana kwa fedha tupu, bila kutoa chipukizi hata mmoja wa baadaye. Bo Bichette, shotistopu wa Toronto, yeye anakuja na gharama hiyo.

Ya pili ni upande wa kupiga. Wachezaji wetu Roman Anthony, Jarren Duran, Wilyer Abreu, Casas na Marcelo Mayer wote hupiga kwa mkono wa kushoto, na warushaji wa mkono wa kushoto wa timu pinzani wanalijua hilo vizuri. Bregman hupiga kwa mkono wa kulia, na mipira yake mingi mirefu huelekea upande wa kushoto wa uwanja, ambako Fenway ina ule ukuta wa kijani wenye kimo cha zaidi ya mita 11, umbali wa mita 94 hivi tu kutoka kwenye kona ya mpigaji. Mpira ambao kwingine ungedakwa, pale hugonga ukuta na kumpa mpigaji besi mbili.

Kuhusu umri, ningempa miaka mitano na nisivuke hapo. Alikosa wiki nyingi msimu uliopita kwa jeraha la paja na akaishia michezo 114, kwa hiyo hofu yako si ya kupuuzwa. Hata hivyo, fedha zipo: Giants waliubeba mkataba wote uliobaki wa Devers, na mzigo wa namna hiyo ukiondoka haileti maana klabu kudai haina uwezo.

Mwalimu wa vijana

Wakuu, naomba kutofautiana kuhusu wapi pa kuanzia. Nimewahi kufundisha vijana mchezo huu nchini Uganda, nchi ambayo mwaka 2012 ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza Mashindano ya Dunia ya Ligi Ndogo ya watoto (Little League) kule Pennsylvania, na jambo la kwanza ninalowaambia wanafunzi wangu ni kwamba besi ya kwanza si mahali pa kumficha mtu asiyejua kudaka.

Tazameni mchezo wa mwisho wa msimu wetu, tarehe 2 Oktoba, dhidi ya Yankees. Katika kipindi cha nne hali ilikuwa tayari mbaya, ndipo Austin Wells wa Yankees alipopiga mpira wa chini kuelekea besi ya kwanza. Ulikuwa mpira mgumu, lakini ni wa kuzuilika. Ulimponyoka Lowe na mikimbio miwili ikaingia, na tukatolewa kwa 4-0. Sisemi kwamba tungeshinda, kwa maana mrushaji wao Cam Schlittler alikuwa akirusha kwa kiwango cha kutisha siku ile. Nasema kwamba msimu mzima timu yetu ilifanya makosa ya ulinzi zaidi ya 100, na mengi hayakutokana na mtu anayerusha bali na yule anayepokea upande wa pili. Mlinzi wa besi ya tatu anaporusha mpira ukadunda chini, mpokeaji mzuri huusomba vumbini na hakuna anayekumbuka. Mpokeaji dhaifu huuacha upite, na kosa linaandikwa kwa mwenzake. Ndiyo maana Mayer au Campbell watakomaa haraka zaidi wakiwa na mtu wa kuaminika upande ule.

Kwa sababu hiyo simtaki Alonso kwa miaka mingi, ingawa msimu uliopita alipiga homurani 38, yaani mipira iliyotoka nje ya uwanja. Ni mpigaji hodari, lakini ulinzi wake umepungua na miguu yake haitarudia wepesi wa zamani. Ningemtafuta kwa njia ya mabadilishano mlinzi mwenye mikono mizuri na mkataba mfupi, na Casas nisingemhesabia mpaka goti lake lithibitike. Ana kipaji kikubwa, na homurani 24 za mwaka 2023 hazikuwa bahati, lakini tangu wakati huo mbavu na goti vimemnyima sehemu kubwa ya misimu miwili.

Mtetezi wa Bichette

Naheshimu hoja zilizotangulia, lakini naona tunamsahau kijana. Bichette ana miaka 27. Msimu uliopita alipiga kwa wastani wa .311 (mapigo matatu hivi yaliyofanikiwa kati ya kila kumi), na aliporudi kwenye Fainali ya Dunia baada ya kuumia goti alicheza besi ya pili bila kulalamika. Kwa miaka hiyohiyo mitano anayopewa Bregman, Bichette angemaliza mkataba akiwa na umri ambao Bregman atautimiza Machi. Naye hupiga kwa mkono wa kulia.

Najua ulinzi wake kama shotistopu hausifiwi, na hapo ndipo besi ya pili inapomfaa, maana urushaji wake ni wa masafa mafupi zaidi. Mayer angehamia besi ya tatu, nafasi aliyoicheza vizuri kabla ya kuumia kifundo cha mkono na kufanyiwa upasuaji. Nafasi za chipukizi tutakazozipoteza zinauma, sikatai, lakini klabu hii ina chipukizi kuliko ina nafasi za kuwachezesha.

Mkazi wa Worcester

Ndugu yangu, hoja ya umri naikubali kabisa. Kinachonitia shaka ni kwamba kwa mpango wako besi ya pili na ya tatu zote zinashikwa na watu wanaojifunza nafasi mpya, katika timu ambayo tatizo lake ni hilohilo la watu kuchezeshwa wasikokuzoea.

Mfuatiliaji wa Japani

Kwa ufupi tu, kuna Wajapani wawili ambao klabu zao zimewaruhusu kuja Marekani. Munetaka Murakami wa Yakult alipiga homurani 56 mwaka 2022, ana miaka 25, lakini hukosa mpira mara nyingi na ulinzi wake wa besi ya tatu unatiliwa shaka. Huyo ni mpigaji wa kushoto, kwa hiyo hatatui tatizo lililotajwa hapo juu. Kazuma Okamoto wa Yomiuri ana miaka 29, hupiga kwa mkono wa kulia, na amecheza besi ya kwanza na ya tatu. Kumbukeni kwamba klabu ya Japani hulipwa ada juu ya mkataba wenyewe, asilimia 20 ya dola milioni 25 za kwanza, kisha asilimia hupungua. Ningekuwa Craig Breslow, mkuu wa usajili wa Red Sox, ningempigia wakala wa Okamoto leo.

Shabiki wa Fenway (mwanzisha uzi)

Nawashukuru sana. Mwalimu, umenibadilisha mawazo kuhusu besi ya kwanza, na nimeutazama tena mchezo ule wa New York kwa jicho lako. Nabaki na swali moja. Msimu uliopita Ceddanne Rafaela aliletwa besi ya pili mara kadhaa kuziba pengo. Wapo wanaosema tumhamishe moja kwa moja, na tumwache Duran katikati ya uwanja wa nyuma. Mnaonaje?

Mwalimu wa vijana

Hapana, na hapa sina mashaka. Rafaela ametunukiwa Glavu ya Dhahabu mwaka huu kwa ulinzi wa katikati ya uwanja wa nyuma. Ukimwondoa pale, unaziba tundu moja kwa kufungua jingine kubwa zaidi. Tuliwahi kuliona: shotistopu wetu Xander Bogaerts alipokwenda San Diego mwishoni mwa 2022 na Story akafanyiwa upasuaji wa kiwiko, Kiké Hernández alitolewa nyuma akafanywa shotistopu, makosa yakarundikana, na kufikia Julai alikuwa amerudishwa Dodgers.

Kama walinzi wa nyuma ni wengi, basi Duran ndiye wa kubadilishana. Bado yuko chini ya klabu hadi 2028, kwa hiyo thamani yake ni kubwa, na Arizona wanasikiliza ofa za Ketel Marte, mlinzi wa besi ya pili anayepiga kwa mikono yote miwili. Wao wanahitaji warushaji, sisi tunao vijana warushaji. Mazungumzo hayo yaanze kabla ya Aprili, kwa sababu msimu ukianza Marte anakaribia kupata haki ya kukataa kuhamishwa.

Na Story asisahaulike. Alicheza michezo 157 mwaka huu, lakini miwili iliyotangulia alicheza 43 na 26. Yeyote atakayesajiliwa, Mayer aandaliwe kuwa shotistopu wa akiba tangu siku ya kwanza ya mazoezi ya Februari.