Tupeane uzoefu: nadharia na vitendo katika shahada ya uhandisi

Mwanzisha mada: Wakuu, heshima kwenu. Mdogo wangu, aliye mwaka wa 2 wa uhandisi wa umeme, ameniuliza kama aache karakana ili asomee hesabu za mtihani, nami nikakosa jibu. Wenzangu mlijigawaje?

Mjukuu wa Fundi: Mkuu, umenitonesha kidonda. Nilikwenda mafunzo kwa vitendo nikiwa na A ya mashine za umeme, na ningeweza kuthibitisha ubaoni kwamba mota ikiwashwa kwa nyota (koili zake tatu zikikutanishwa ncha moja) huvuta kwenye laini theluthi moja tu ya mkondo ambao ingeuvuta kwa delta (koili hizo zikiungwa pembetatu). Siku ya tatu nikakabidhiwa kisanduku cha kuwashia mota ya pampu, nikakiunga mwenyewe, ila nikasahau nyaya za kuzuiana, zile zinazoizuia kontakta (swichi inayovutwa kwa sumaku ya umeme) ya delta isivute kabla ile ya nyota haijaachia. Zikavuta zote mbili, fezi tatu za volti 400 zikakutana, na mlipuko ukasikika hadi getini. Fundi mmoja mzee alitazama mabaki kwa nusu dakika, akanionyesha kwa bisibisi mahali palipokosa waya, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, huko chuoni mnasoma nini?"

Testa: Hata mimi, ila yangu ilikuwa taa tu.

Bi Hesabu: Msiwatukuze mafundi kupita kiasi. Kwetu fundi wa miaka mingi alichoshwa na fyuzi iliyokatika kila siku, akaweka kubwa zaidi. Fyuzi haikukatika tena, ukaungua waya.

Mjukuu wa Fundi: Dada, huyo si fundi, ni mbahatishaji.

Bi Hesabu: Na aliyelipua kisanduku tumwiteje?

Testa: Tuache ugomvi. Pampu ilipona?

Mjukuu wa Fundi: Pampu ilipona. Nyusi zangu zilichelewa kurudi.

Mkongwe: Asome hesabu kwanza. Akihitimu, Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina programu ya miaka 3 ya kumlea kazini; hakuna bodi itakayomfundisha upya kalkulasi.

Stashahada Kwanza: Sikubaliani na Mkongwe, ingawa mimi niliyeingia chuo kikuu kwa stashahada nilikuwa mfalme wa karakana, na hesabu za Laplace zikanifanyisha sapu, yaani mtihani wa marudio.

Testa: Basi abebe bisibisi kwenye chumba cha mtihani.

Mwanzisha mada: Nimemsomea yote. Anauliza kontakta inafananaje.