Mrejesho: mtumbwi umerudi majini, na zile ndoana za bass

Wakuu, heshima mbele. Niliwauliza mambo mawili: nifanyeje na mtumbwi wa marehemu baba mdogo uliokuwa unavuja, na kama vifaa vya kuvulia bass, samaki wa Marekani, nilivyoletewa kutoka huko vitamudu sangara.

Mtumbwi kwanza. Aliyesema nisikimbilie rangi alisema kweli. Fundi wa Igombe, Mwanza, alichoma bisibisi kwenye mkuku (ule mti mrefu wa chini) ikazama kama kwenye muhogo uliochemshwa. Tukatoa mbao za chini na mataruma (mbavu za mtumbwi) yaliyooza, tukaweka mninga. Kazi hasa ni kalafati, yaani kuziba viungo vya mbao: pamba yenye mafuta inasukumwa kwenye kiungo kwa patasi butu, nyundo taratibu, maana ukipiga kwa hasira mbao zinaachana. Ulipoingia ziwani ukavuja tena. Fundi akacheka tu: "Ziache zinywe kwanza." Kesho yake mbao zimevimba, ndani pakavu.

Rodi na rili ziko vizuri. Ndoana hapana! Zile za mikono mitatu zilinyooshwa na sangara ambaye hata sikumwona. Nimefunga nene zaidi pamoja na pete zinazozishika, na mbele ya mshipi nimeunga nailoni nene, kwani meno yake madogo yanausaga. Samaki bandia wenyewe wanakamata, ukiwavuta polepole kando ya miamba. Aliyefuata alikuwa na sentimita 62, juu ya kipimo cha chini cha halali cha 50, kwa hiyo alikwenda jikoni.

Mashine ya kusukuma mtumbwi bado naazima kwa jirani. Mwenye iliyotumika, ndogo, isiyonywa sana mafuta, aniambie bei.